Kadi Imeripoti Matatizo

Kadi ya grafiki ikifika Utete haifungwi faraghani. Imetoka Kariakoo, ikapanda basi la kusini pale Mbagala Rangi Tatu, ikapita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, ikavuka Daraja la Mkapa, ikachepuka Nyamwage, na muda wote huo mtaa mzima umeshaambiwa kwamba inakuja. Kwa hiyo hufungwa mbele ya hadhira. Mtoto wa dada anasubiri gemu. Shemeji anasubiri video ya harusi aliyoahidiwa tangu kabla ya mfungo. Jirani aliyekuja kuazima pampu ya baiskeli ameisahau pampu na kuvuta kiti. Kompyuta inawashwa, kioo kinawaka, na kila kilichomo ni kikubwa kupita kiasi: alama ya kapu la taka imekula pembe nzima, bibi harusi amepanuka ubavuni, na kishale cha mausi kinatembea kwa kusitasita. Ukifungua Device Manager unakuta alama ya mshangao ya njano, na nyuma ya kiti inasikika ile sauti ya upole inayouma kuliko tusi: "Anko, si ungempelekea fundi?" Aibu ya namna hii haipoi upesi, na ninaiandika ikiwa bado ina moto. Lakini hoja yangu ni moja, na nitaitetea mpaka mwisho: aibu hiyo imebebeshwa mtu asiyehusika. Draiva ya kadi ikigoma, mara nyingi aliyeshindwa si yule aliyeinama juu ya kompyuta. Kashindwa mwingine, mbali sana, ambaye hajui kama Utete ipo na wala halazimiki kujua.

Tuanze na namna kitu chenyewe kinavyofanya kazi, maana hapa pana utamu ambao watu wengi hupitishwa juu kwa juu. Kila kadi inayochomekwa ndani ya kompyuta imeandikiwa namba mbili: ya mtengenezaji na ya aina ya kadi. NVIDIA ni 10DE. AMD ni 1002. Intel wao walijichukulia 8086, ambalo ni jina la prosesa yao ya mwaka 1978, majivuno yaliyofichwa mahali ambapo hakuna anayechungulia. Windows ikiamka hupita tundu kwa tundu ikiuliza, "Nani yumo?" Kadi hujibu hasa kwa namba hizo, haina mdomo wa kueleza kazi yake inafanywaje. Kwa hiyo kadi mpya ni mgeni aliyefika ofisi ya mtendaji wa kijiji bila barua ya utambulisho. Ni mtu mzima, ana mikono miwili na ujuzi wake, lakini hahudumiwi mpaka itokee karatasi inayosema ni nani na ametumwa kufanya nini. Draiva ndiyo karatasi hiyo. Ndani yake mna faili lenye orodha ndefu ya namba, na chini ya kila namba mna maelekezo. Namba ya kadi ikionekana kwenye orodha, milango inafunguka. Isipoonekana, njoo kesho. Wakati wa kusubiri hiyo kesho, Windows huipa kadi kibarua cha chini kabisa kwa jina la Microsoft Basic Display Adapter: ichore nukta kwenye kioo, isijishughulishe na lingine, na hesabu zote za picha zibebwe na prosesa. Ndiyo sababu gemu haliendi na bibi harusi kapanuka. Kadi si mbovu. Haina barua tu.

Na barua haiandikwi na yeyote. Tangu Windows Vista ya biti 64, draiva inayoingia kwenye kiini cha mfumo lazima iwe na sahihi ya kidijitali, na sahihi hiyo hufungamana na kila herufi iliyomo. Ukiongeza namba ya kadi yako kwenye orodha kwa mkono wako mwenyewe, hata kama namba ni ya kweli na kadi unayo mkononi, sahihi inavunjika na barua inakuwa ya kughushi. Sheria hiyo ina sababu nzuri, siibezi. Draiva hukaa ndani kabisa, mahali ambapo kosa moja huangusha kompyuta nzima. Vista hiyohiyo ilileta pia saa ya kuisimamia kadi: ikipewa kazi na isijibu ndani ya sekunde mbili, mfumo huiona imezirai, huipiga kibao cha kuiamsha, kisha hukuandikia kwamba draiva iliacha kuitikia na sasa imepata nafuu. Sekunde mbili! Hakuna mtumishi wa umma duniani anayefanya kazi kwa masharti hayo.

Sasa tuje kwenye ujumbe wenyewe. Maarufu kuliko yote ni Code 43, unaosema kwamba Windows imekisimamisha kifaa hiki kwa sababu kimeripoti matatizo. Usome tena taratibu. Kifaa kimejishtaki chenyewe, kimesimamishwa kazi, na shitaka halisomwi. Matatizo gani? Ya joto, ya kumbukumbu, ya waya, ya uongo? Code 28 angalau ina adabu ya kusema kwamba draiva haijawekwa. Code 52 husema sahihi haikuthibitika. Code 10 husema kifaa kimeshindwa kuanza, jambo ambalo kila aliyemo sebuleni ameshaliona, lakini walau linasemwa waziwazi. Code 43 ni kikao cha siri ambacho maamuzi yake hubandikwa ukutani na mihutasari huchomwa. Aliyeketi mbele ya ujumbe huo ameachiwa mambo mawili ya kuamini: kwamba kadi imekufa, au kwamba yeye hajui. Akikumbuka nauli na bei aliyolipa, huona nafuu kuamini la pili.

Ipo njia moja ya kufika kwenye Code 43 inayostahili kusimuliwa kwa kirefu, kwa sababu ndani yake ushahidi wote umekusanyika. Septemba 2010 NVIDIA ilitoa kadi iitwayo GTS 450, ya kizazi cha Fermi, yenye viini 192 vya kukokotoa na kwa kawaida gigabaiti 1 ya kumbukumbu. Oktoba 2016 ikatoa GTX 1050 Ti, ya kizazi cha Pascal, yenye viini 768 na gigabaiti 4. Kati yao vimepita vizazi viwili, Kepler na Maxwell. Wajanja wakaona faida katika mwanya huo. Walichukua zile kuukuu za 2010, wakazivisha feni mpya na stika mpya, wakaingia kwenye BIOS ya kadi, yaani programu yake ya ndani, na kuichezea ili ikiulizwa jina ijitaje GTX 1050 Ti, kisha wakaziuza mtandaoni kwa bei inayomfanya mtu mwenye kipato cha kawaida aone kwamba Mungu amemkumbuka. Kadi hiyo ikikaa kwenye boksi ni kadi. Ikichomekwa, feni inazunguka. Mkasa huanza pale draiva halisi inapowekwa. Ama draiva inatazama orodha na kusema haioni kadi inayohusika, ama inadanganyika na jina, inaingia ndani na kuanza kutoa amri za chipu ya 2016 kwa chipu ya 2010. Inauliza maswali ambayo mzee huyo wa Fermi hajawahi kuyasikia, inajibiwa upuuzi, na hapo kioo kinageuka bluu au Code 43 inatoka. Sasa ndipo ujumbe ule unapokuwa na maana kwa mara ya kwanza: kweli kifaa kimeripoti matatizo, na tatizo ni kwamba kifaa ni mwongo. Ila hilo hukuandikiwa.

Msomaji mkali atasema mnunuzi alipaswa kutambua. Ajaribu. Udanganyifu huu ulienea kiasi kwamba Oktoba 2018 watengenezaji wa GPU-Z, programu ndogo ambayo mafundi wa dunia nzima huitumia kuzikagua kadi, waliongeza ndani yake uwezo wa kutambua kadi za NVIDIA zilizobadilishwa jina na kulitanguliza neno la onyo mbele ya jina hilo. Yaani chombo cha uchunguzi chenyewe kilikuwa kikidanganywa, mpaka kilipofundishwa kutazama chipu badala ya kusikiliza inavyojitaja. Na kuna dalili moja ya nje inayonichekesha kwa uchungu kila nikiiwaza. Chipu za Pascal hazitoi ishara ya VGA. Njia hiyo ya zamani iliondolewa. Fermi inayo. Kwa hiyo kadi inayojiita 1050 Ti na ina tundu la bluu la VGA inafaa kutiliwa shaka hapohapo. Lakini monita nyingi zinazofika na kompyuta za mtumba ni za VGA. Muuzaji akisema, "Chukua hii, ina tundu la VGA, hutahangaika na adapta," anasema kweli tupu, na ukweli huo ndio ushahidi wa uongo wake. Mnunuzi makini, aliyefikiria mpaka kwenye waya wa monita yake, ndiye ananaswa kwanza. Mzembe ambaye hakuuliza chochote anaweza kuondoka na kadi halali kwa bahati.

Basi nunua kipya, dukani, chenye risiti: hilo ndilo pingamizi linalofuata, na kwa kawaida hutoka kwa mtu ambaye hajawahi kulinganisha bei. Kadi mpya halali huweza kupita thamani ya kompyuta yote ya mtumba itakamochomekwa. Isitoshe, upya haukuokoi na draiva. Mwaka 2008, katika kesi ya wateja dhidi ya Microsoft kuhusu stika za kudai kompyuta fulani zinaiweza Vista, zilianikwa nyaraka za ndani za kampuni hiyo zenye hesabu ya sababu za mfumo kuanguka katika kipindi cha mwaka 2007. Draiva za NVIDIA zilibeba asilimia 28.8 ya maanguko. Microsoft wenyewe 17.9, ATI 9.3, Intel 8.8. Wenye kompyuta hizo hawakuwa watu wa kubahatisha kwenye boksi za Kariakoo. Wapo walionunua mashine mpya zilizobandikwa stika ya uhakika. Machi 2010 NVIDIA ilitoa draiva namba 196.75 kisha ikaiondoa haraka, kwa kuwa ilikuwa ikivuruga mwendo wa feni na kadi zikaungua kwa joto. Novemba 2015 draiva mpya ya AMD nayo ikazibana feni zizunguke polepole wakati kadi inachemka. Na Julai 19, 2024, faili moja lenye kasoro la draiva ya CrowdStrike, ambayo si ya grafiki lakini inakaa katika kiini kilekile cha mfumo, liliangusha kompyuta zinazokadiriwa kufikia milioni 8.5, ndege zikabaki chini na hospitali zikarudi kwenye kalamu. Hao wote walikuwa na idara nzima za mafundi. Hakuna aliyeambiwa, "Anko, si ungempelekea fundi?"

Wapo wanaoona nalikuza jambo. Windows za siku hizi, wanasema, hujitafutia draiva zenyewe; unganisha intaneti, kanywe chai, ukirudi tayari. Ni kweli, penye intaneti isiyohesabiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 draiva ya kadi ilikuwa faili la megabaiti chache tu. Leo kifurushi cha NVIDIA hupita megabaiti 600, kwa sababu ni kimoja kwa kadi zote zinazohudumiwa: ya kwako, ya kijana wa Seoul anayecheza gemu kwa kulipwa, na ya mtu wa Texas ambaye kadi yake peke yake hula umeme wa nyumba. Wote barua zao zimo, nawe unazipakua zote kwa bando lako ili upate mstari mmoja unaokuhusu. Bando ni suala zito nchini hapa. Aprili 2021 bei mpya zilipotangazwa kelele zilikuwa za nchi nzima, hadi zikasitishwa. Na hata ukiwa nalo, kuna bahari: Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika na intaneti ikayumba Afrika Mashariki. Upakuaji ukikatikia asilimia tisini, mara nyingi kivinjari huanza upya kana kwamba hamjawahi kuonana. Aliyeandika "subiri kidogo, draiva inapakuliwa" hakuwa akimwandikia mtu anayepima kidogo hicho kwa shilingi.

Mikasa mingine naipitia tu. Kompyuta iliyopigwa Windows ya biti 32 haipati draiva mpya ya NVIDIA tangu 2018, hata uiombee dua. Laptopu nyingi zina namba ya ziada ya kampuni iliyoziunganisha, na draiva ya kawaida huweza kuikana kadi iliyomo ndani kabisa. Tundu la kadi hutoa wati 75, na kadi inayotaka zaidi bila waya wake wa pembeni itagoma. Vumbi ni vumbi.

Lipo pia kundi la wenye imani, ambao kila ugonjwa wa Windows huutibu kwa neno Linux. Nawaheshimu, na historia iko upande wao kwa sehemu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Richard Stallman wa maabara ya akili bandia ya MIT alitaka kuirekebisha programu ya printa ya Xerox iliyokuwa ikikwama ovyo. Alipomfuata mtu wa Carnegie Mellon aliyekuwa na msimbo wake, alinyimwa, kwa kuwa mwenzake alikuwa ametia sahihi ya kutunza siri. Hasira hiyo ni mojawapo ya mizizi ya mradi wa GNU, unaoandamana na Linux, alioutangaza mwaka 1983. Kwa hiyo mwanazuoni wa MIT naye aliwahi kusimama mbele ya kifaa kilichogoma na kuambiwa karatasi iko kwa watu fulani, hapewi. Lakini miaka karibu 30 baadaye hali ya kadi za grafiki haikuwa imetengemaa: mwaka 2012, kwenye Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, Linus Torvalds mwenyewe, aliyeianzisha Linux, aliinyoshea NVIDIA kidole ambacho hakinyoshwi mbele ya wakwe. Kampuni hiyo ilifungua sehemu ya msimbo wa draiva zake Mei 2022, na hata hapo ni kwa kadi za kuanzia kizazi cha Turing cha 2018. Za zamani, ambazo ndizo zinazosafiri kuja huku, zimebaki nje ya neema hiyo. Ukihamia Linux unabadili ofisi. Mtengenezaji wa kadi ni yuleyule.

Nimelibakiza mwisho pingamizi ambalo husemwa kwa tabasamu: kwani Utete mnahitaji kadi ya grafiki ya nini? Hapa mzaha unaniishia. Kijana anayehariri video za harusi na ngoma anaihitaji kwa sababu kazi inayochukua dakika kwa kadi huchukua usiku kucha kwa prosesa peke yake, na mteja hamlipi kwa usiku. Mwalimu anaihitaji ili projekta ya shule ionyeshe picha isiyotanuka. Na mtoto anaihitaji kwa gemu, nami sioni kwa nini starehe ya mtoto wa Rufiji ijitetee kuliko ya mtoto wa Masaki. Mto Rufiji unaopita hapa umejengewa, juu yetu, Bwawa la Julius Nyerere, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024. Umeme huo huchukuliwa kwa njia ya kilovolti 400 hadi Chalinze, ndipo uingie gridi ya taifa. Sina ugomvi na gridi. Nchi ni moja. Ila nina ugomvi na dhana kwamba watu walio kando ya chanzo cha nguvu hizo wanapaswa kueleza watazitumia kufanya nini, wakati walio mwisho wa waya hawaulizwi. Umeme ukikatika draiva ikiwa nusu imewekwa, inabaki nusu ya zamani na nusu mpya zikigombana, na dawa ni kuiwasha Windows katika hali ya usalama, kufuta kila kitu kwa programu iitwayo Display Driver Uninstaller, kisha kuanza upya na bando jipya. Kila hatua hapo ina gharama, na inalipwa na asiyesababisha lolote kati ya hayo.

Uchungu wenyewe umejificha kwenye ratiba. NVIDIA iliacha kuziandikia kadi za Fermi draiva za kawaida mwaka 2018, za Kepler mwaka 2021, na kwa Maxwell na Pascal ilitangaza mwisho wake kuwa Oktoba 2025, zibaki na marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Ratiba hiyo imepangwa na watu wanaodhani kadi hufa ikitolewa kwenye kompyuta ya kwanza. Kumbe ndipo inapopakiwa kontena, na ikifika Kibiti ina miaka mingine mingi ya kazi mbele yake. Kwa hiyo anayejali kompyuta yake na aitunze draiva inayofanya kazi kwenye fleshi mbili, moja ikae mbali na watoto, wala asiiboreshe kwa sababu tu ameambiwa kuna mpya. Kwa kadi halisi za Fermi inayofaa ni toleo 391.35 la Machi 2018. Wenye Fermi iliyovishwa jina la 1050 Ti nao huweza kuifikia, ila sharti kwanza kadi irudishiwe BIOS yake ya asili ijitaje kwa jina lake la kweli, na kazi hiyo ikikatikiwa umeme katikati kadi huweza isiamke tena. Wenye UPS watangulie.